Mali bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unafahamika sana Unguja na Pemba. Leo tunapenda kuupeleka bara, hadi kata ya Utemini katika Manispaa ya Singida, kisha turudi nao Visiwani, kwa kuwa maradhi tunayokusudia kuyasema ni ya pande zote mbili za bahari.

Singida ni mkoa wa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Katika mji wa namna hiyo mtu mwenye cherehani moja, au sufuria tatu na jiko la mkaa, anaweza kujitegemea. Watu hao si wavivu. Mama lishe huwasha moto kabla ya alfajiri, na seremala hufunga kibanda chake giza likiwa limeingia. Hata hivyo, wengi wao humaliza mwaka wakiwa pale pale walipoanzia, na wakiulizwa fedha zimekwenda wapi hawana jibu. Kinachowapungukia si jasho, bali ni hesabu.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani, kwa bei za kukadiria tu. Anashona sare ya shule kwa shilingi 15,000. Kitambaa kimemgharimu shilingi 8,000; uzi, vifungo na umeme shilingi 1,000. Kilichobaki ni shilingi 6,000. Ikiwa pango la kibanda ni shilingi 60,000 kwa mwezi, basi sare kumi za kwanza ni za mwenye nyumba. Sare ya kumi na moja ndiyo inayoanza kumlisha fundi na watoto wake. Fundi anayelijua hilo huuanza mwezi kwa tahadhari. Asiyelijua huziona shilingi 15,000 mkononi akadhani zote ni zake, akanunua nyama na kuchangia harusi, na mwisho wa mwezi akaanza kumkwepa mwenye nyumba.

Baya zaidi ni fedha za tangulizi. Fundi hupokea malipo ya mteja wa pili, akayatumia kununua kitambaa cha mteja wa kwanza. Ya wa tatu yakamalizia kazi ya wa pili. Hapo ndipo zinapoanza zile ahadi za "njoo kesho" ambazo kila mmoja wetu amewahi kuzisikia. Tunamwita fundi huyo mwongo, kumbe mara nyingi ni mtu aliyezidiwa na hesabu asizoziandika.

Dawa yake haihitaji shahada. Inahitaji daftari na kalamu, na moyo wa kuandika kila jioni: kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa na anayedai. Inahitaji fedha za kazi zisichanganywe na fedha za nyumbani, ziwe ndani ya simu au ndani ya kopo. Inahitaji mwenye kazi ajilipe mshahara anaojua kiasi chake, badala ya kuchota kila anapopungukiwa. Na inahitaji akiba ya msimu mzuri iwekwe kwa ajili ya msimu mbaya, kwa kuwa sare hazishonwi kwa wingi ule ule mwaka mzima.

Tena daftari lina faida inayoweza kuhesabiwa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu za hesabu, alipangiwa kodi ya shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo, katika mauzo ya milioni 5, mwenye daftari alitakiwa kulipa shilingi 30,000 tu. Tofauti ya shilingi 70,000 ndiyo adhabu ya kutoandika. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hivyo somo hili linamhusu muuza samaki wa Darajani na mkulima wa mwani wa Paje sawasawa na fundi wa Utemini.

Sasa tuwageukie viongozi. Sheria inazitaka halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema. Lakini mwezi Aprili 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo ili kutafuta utaratibu bora, baada ya malalamiko ya fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Wadanganyifu wanastahili mkono wa sheria. Lakini wapo pia waliokopa kwa nia safi wakashindwa kurejesha kwa sababu hawakujua kama biashara yao inaleta faida au hasara. Kumwongezea fedha mtu wa namna hiyo ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Hatusemi kwamba mafunzo hayapo. Shirika la SIDO lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Zanzibar ina Wakala wake wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Tunachosema ni kwamba semina ya siku mbili ukumbini, yenye posho na picha ya pamoja, haimfundishi mtu kuandika. Afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii hawana budi kumfuata fundi kibandani kwake, wakalifungua daftari lake, na kurudi mwezi unaofuata kulitazama tena. Mkopo wa pili utolewe kwa kuangalia daftari la mkopo wa kwanza. Taarifa ya afisa nayo isihesabu waliohudhuria semina, ihesabu madaftari yanayoandikwa.

Kwa ndugu zetu wa Utemini na wa Visiwani tunasema: msingoje semina. Daftari linauzwa duka la jirani. Anzeni jioni ya leo.