Mchango wa tawi usisubiri msiba

Shabiki wa Mtwara akianguka kwa kiharusi, wenzake wa tawi ndio huwa wa kwanza kufika. Siku hiyo jezi zinajaa uani. Wiki ya tatu mgonjwa amebaki na mkewe na redio. Akifariki, daftari la michango linafunguliwa tena, na safari hii fedha inapatikana haraka kweli kweli.

Mechi inapotezwa hapo katikati.

Michael Johnson alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.32 kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, rekodi ya dunia. Mwaka 2018, akiwa na miaka 50, alipigwa na kiharusi. Alipoanza kutembezwa hospitali, umbali kama ule ulimchukua dakika 15 hivi. Akarudia hatua moja moja, kila siku, hadi mwili ukatii.

Mtu atasema huyo ni Mmarekani mwenye hela zake. Sawa, lakini kurudia hakuuzwi dukani. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu ikifa haifufuki. Ni kama timu iliyopata kadi nyekundu: waliobaki wanaweza kugawana kazi ya aliyetoka, ila wafundishwe, na wafundishwe mapema.

Mtafiti Edward Taub aligundua kwamba mgonjwa akitegemea mkono mzima tu, ule ulioathirika hujizoesha kukaa bure. Dawa yake ni ya kikocha hasa. Mkono mzima unavalishwa glavu nene, mbovu unalazimishwa kushika kikombe na kufunga vifungo. Jaribio la Marekani lililotangazwa 2006, lenye wagonjwa 222, lilionyesha wiki mbili za kazi hiyo ziliwasaidia kuliko huduma ya kawaida, hata waliougua miezi kadhaa nyuma. Haimfai kila mtu. Vidole lazima viwe na uhai kidogo. Lakini kocha wa vijana anayemkataza winga kugusa mpira kwa mguu wa kulia ataielewa mara moja.

Kusini shida si uvivu wa wagonjwa. Kutoka Msimbati hadi mjini ni safari ya mchanga, na anayeburuta mguu hapandi gari la abiria kirahisi. Mazoezi ya viungo nayo si ya siku moja, ni ya wiki na miezi. Nauli inakata, mgonjwa analala.

Halafu kuna wanaosema ni upepo, ni jini. Anayetaka kusomewa dua asomewe, ila gari liwe limeshawashwa. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikanganyika, ni hospitali saa ile ile. Na kwa kuwa presha ndiyo chanzo kikubwa, kipimo chake kwenye banda la mpira siku ya Simba na Yanga kingefaa kuliko vuvuzela la pili.

Tangu Ndanda ishuke daraja 2020, matawi ya Mtwara yana muda. Yana bodaboda, yana vijana wenye nguvu za kumshika mtu kwapani. Mweka hazina aongeze ukurasa mmoja kabla ya ule wa rambirambi: jina la mgonjwa, siku zake za mazoezi, na nani anampeleka Jumanne.