Kijiti cha Oili na Namna ya Kukisoma

Idi ikikaribia, nyumba nyingi hujiandaa kwa safari ya kuwazuru wazee na jamaa. Watoto hupakiwa, vyakula hufungwa, petroli hujazwa. Lakini boneti ya gari haifunguliwi. Tukiuliza sababu, twajibiwa: "Taa ya oili haijawaka." Jawabu hili ndilo lililotusukuma kuandika mwezi huu, kwani limeua injini nyingi, na injini ikinoki, aghalabu ni akiba ya nyumba nzima iliyopotea, na kwa mwenye teksi ni riziki ya watoto iliyosimama.

Ile taa nyekundu yenye sura ya birika haikuwekwa, katika magari mengi, ili ipime wingi wa oili. Hupima nguvu ya msukumo wake tu. Oili hukaa chini ya injini katika bakuli liitwalo sampu, na pampu huivuta kutoka humo ikaipeleka kwenye beringi na vyuma vingine visuguanavyo. Maadamu pampu yapata cha kuvuta, taa haiwaki, hata ikiwa oili iliyobaki ni haba. Siku itakapopungua hata pampu ikavuta hewa, hasa penye kona au mlima ambapo oili huegemea upande mmoja, ndipo taa humeta, na hapo vyuma vimekwisha kuanza kusagana. Taa hiyo ikiwaka njiani, gari na lisimamishwe pahali pa salama na injini izimwe papo hapo. Asidhani mtu kwamba atafika nyumbani kwanza ndipo aangalie.

Kipimo cha kweli ni kijiti. Gari liegeshwe pahali palipo sawa, kwani likiinama, oili nayo huinama, na kijiti kikatoa habari ya uongo. Kisha injini izimwe na ingojwe. Hapa ndipo vijana wetu wenye haraka wakoseapo: injini ikizimwa sasa hivi, sehemu ya oili ingali juu, yatiririka polepole kurudi katika sampu; achomoaye kijiti wakati huo huona upungufu, akaongeza isiyohitajiwa. Kwa magari mengi dakika tano hata kumi zatosha. Watengenezaji wengine hutaka injini ipimwe ikiwa na moto, wengine ikiwa baridi, na mwamuzi ni kitabu cha gari. Twajua kwamba magari mengi yatufikiayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu. Mwenye gari kama hilo na amwulize fundi aijuaye aina yake.

Kijiti kichomolewe, kipanguswe kwa kitambaa safi, kirudishwe hata kikome, ndipo kitolewe mara ya pili na kusomwa. Usomaji wa kwanza haufai kitu, kwa kuwa gari likienda oili hurukia kijiti chote. Zitazamwe pande zote mbili; zikihitilafiana, tushike ule ulio chini. Karibu na ncha zipo alama mbili, pengine vitundu, pengine herufi L na F: ya chini ni upungufu, ya juu ni ukomo.

Ikigusa ya chini, iongezwe kidogo kidogo. Baina ya alama hizo, katika magari madogo mengi, ni kiasi cha lita 1 hivi. Basi amiminaye kopo zima la lita 4 amejitafutia balaa. Mimina nusu lita au chini yake, ngoja, pima tena. Wako wasemao kwamba oili kuzidi ni heri kuliko kupungua, nasi hatukubaliani nao. Ikipanda mno, krankishafti huichapa ikawa povu, na povu halilindi beringi. Tena msukumo ukizidi ndani, sili huanza kuvuja.

Weusi wa oili peke yake usimtishe mtu, hasa mwenye injini ya dizeli, kwani kubeba masizi ni katika kazi zake. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwa gasketi ya hedi iliyokufa. Na ikipanda bila kuongezwa, tena yanuka petroli, safari na iahirishwe hata fundi aje.

Kuna magari ya otomatiki yenye kijiti cha pili, nacho ni cha giaboksi. Oili yake ni nyingine na upimaji wake ni mwingine, tusivichanganye.

Twapendekeza pia iwekwe daftari ndogo garini, iandikwe tarehe, kilomita na kiasi kilichoongezwa. Gari lililokuwa likitaka nusu lita kwa miezi mitatu, likianza kuitaka kila wiki, ama lavuja ama laichoma: kwa kuvuja, tazama sakafu asubuhi, kwa kuchoma, tazama moshi wa buluu nyuma.