Mbele ya kufinya "rekodi": tufundishe wanafunzi kusema ukweli kwa picha



Wanafunzi wa sekondari kumi na wawili, hapa Goma, walitukujia na video yao. Tulikuwa tumewaita kwa masomo ya siku za Jumamosi: kupanga, kukamata na kufanya montaje ya video fupi. Wao hawakungojea somo. Walikuwa tayari wamefilime robine kavu ya kartie yao, na mutoto mwanamuke wa miaka kama kumi akitoka ku ziwa na bidoni, uso wazi, machozi wazi. Wakatia muziki wa huzuni. Chini wakaandika: "Miezi mbili bila maji."

Tukauliza: nani alihesabu hiyo miezi mbili? "Watu wanasema hivyo." Na mama ya huyu mutoto, alikubali? Kimya. Tukawaambia wasiitume kwanza. Walikasirika sana. "Lakini maji haiko kweli!"

Walikuwa na haki. Maji ilikuwa haiko. Na ndiyo sababu tuliwazuia: jambo lilikuwa la kweli, lakini neno moja la uongo lingetosha kuua video yote. Mkubwa yeyote angesema "si miezi mbili, hawa ni watoto wa uvumi," na mazungumuzo yangeishia hapo.

Wakarudi kwa kartie. Mama mmoja anayeuzisha unga karibu na ile robine alikuwa anaandika ku kaye yake kila siku aliyonunua maji. Siku kumi na tisa. Video ya pili ikaonyesha robine, mikono inayobeba bidoni, ukurasa wa kaye, na sauti ya yule mama aliyekubali kusema. Uso wa mutoto haukuonekana. Muziki hakuna. Sekunde 90.

Hatutawadanganya: maji haikurudi kesho yake ju ya video. Lakini mkubwa wa avenyu, mwenye kusema mbele kama ni fujo ya watoto, aliomba kopi ya kurasa za ile kaye ili azipeleke kwa wahusika. Siku kumi na tisa ilikuwa na nguvu kupita miezi mbili.

Ndiyo maana tunasema: somo la video si mchezo wa TikTok. Ni somo la uraia.

Sisi watu wa Goma tunajua bei ya picha ya uongo. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, wengi wetu tulikimbia usiku, wengine upande wa Sake, wengine upande wa Rwanda, telefone mkononi. Kila dakika video inaingia. Ipi ya leo, ipi ya zamani, ipi ya volkano ya inchi ingine? Nani alikuwa na muda wa kuchunguza? Na hapa kwetu vita haijawahi kuwa mbali. Video moja ya zamani inaweza kukimbiza mtaa muzima.

Dawa tuliyoiona kwa macho ni montaje. Tulimurekodi mmoja wetu akisema: "Hakuna mtu wa kusema walimu wetu ni wavivu." Tukawapa wanafunzi telefone: kateni maneno manne ya mwanzo. Wakakata. Ikabaki: "Walimu wetu ni wavivu." Wote wakacheka. Kisha mmoja akasema polepole: "Kumbe ni rahisi hivi." Huyo, mtu akimutumia kesho kipande cha hotuba cha sekunde tano, atauliza kwanza: nini ilikuwa mbele, nini ilikuwa nyuma?

Na masomo yenyewe haiombi pesa nyingi. Kupanga: gawa ukurasa wa kaye mara sita, kila sanduku liseme nini itaonekana na nini itasikika. Mwalimu wa Kifaransa anaweza kufundisha hiyo, ni sawa na kupanga dissertation. Kukamata: pangusa kioo cha kamera, jua liwe nyuma yako, tia telefone ku mode avion ili simu isikate kazi, bana viwiko ku mbavu, hesabu mpaka kumi mbele ya kusogea. Piga mbali, kisha katikati, kisha karibu. Karibia mtu anayesema, kwa sababu motari wa Goma hawatanyamaza ju yako. Montaje: chunga video ya kwanza bila kuigusa, andika tarehe na mahali, toa kila kitu ambacho huwezi kujibia.

Tunajua wakubwa wa masomo wengi wanakataza telefone, na tunaelewa: kopi ku mitihani, kupigana kunakofilimiwa, picha za aibu. Lakini telefone inamungojea mwanafunzi ku mulango wa masomo, saa saba na nusu, bila mwalimu. Kuikataza peke yake ni kumuacha ajifunze kwa wale wasiojali ukweli.

Mwanafunzi wa miaka 16 ajue pia sheria. Katiba yetu, kifungu cha 23 na cha 24, inamupa haki ya kusema na haki ya kupata habari. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaweza kumuazibu akisambaza uongo juu ya mtu. Ajue zote mbili. Na ajue wakati wa kurudisha telefone mufukoni: mbele ya bunduki, mbele ya mwenye kujeruhiwa, mbele ya mwanamuke aliyebakwa, kila mahali ambapo picha inaweza kuuzisha mtu kwa adui wake. Hakuna video inayopita maisha ya mutu.

Tunaomba hivi. Kwa wakubwa wa masomo: saa mbili tu kwa juma, telefone moja kwa wanafunzi watano, mwalimu mmoja anayekubali. Kwa wazazi: mukiona mutoto anafilime, muulize anataka kuonyesha nini, mbele ya kumugombeza. Kwa ninyi wanafunzi: mbele ya kutuma, jibuni maswali tatu. Ni lini? Ni wapi? Anayeonekana alikubali?

Jumamosi inayokuja wale kumi na wawili wanaanza video ya takataka za karibu na soko yao. Wako na telefone nne, na moja batri yake inakufa kwa nusu saa. Kama uko na telefone ya zamani, kioo kimepasuka lakini kamera inaona vizuri, usiitupe. Tuletee.