Anzia Pale Simu Inapoita

Makala nyingi za kuelimisha wateja zinaanza na "Usalama wako ni muhimu kwetu." Hapo msomaji ashatoka. Si uvivu. Yuko kwa matatu, bando inaisha, na sentensi hiyo haijamwambia kitu.

Nimesomea masoko, na bado naona tangazo la M-Pesa la 2007 linatushinda wengi. Halikueleza mitambo. Lilisema tu tuma pesa nyumbani, na kila mwenye mzazi ushago alielewa.

Kwa hivyo ukiandika kuhusu matapeli, anzia pale simu inapoita: "Dada, nimekutumia elfu tatu kimakosa, nirudishie tafadhali, ni za hospitali." Kisha mwonyeshe msomaji kile atakachokiona kwa simu yake. Meseji inafanana kabisa na ya kweli, ila imetoka kwa namba ya mtu binafsi, na ukiangalia salio, halijapanda hata shilingi. "Zingatia taratibu za usalama" haiwezi kumfundisha mtu hivyo. (Sijawahi kuona mtu akiifowadi kwa shangazi yake.)

Halafu mpe jambo ambalo pengine hakulijua: hata kama pesa imeingia kweli, asiirudishe mwenyewe. Amwambie aliyetuma aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Manake ukimtumia wewe, na yeye tayari ameshaomba muamala wa kwanza ubatilishwe, unaweza kujikuta umelipa mara mbili.

Hiyo ya kulipa mara mbili, mimi ningeiweka hata kwa kichwa cha habari.