Msimbo uko wazi, mbona hatuufungui?

Tusidanganyane, wasee. Wengi wetu tunaojiita watu wa Linux tunajua amri mbili tu: apt update na apt install. Programu ikishaingia, basi. Imetengenezwa na nani, kutokana na nini, ati hiyo si shida yetu. Mimi naona ni shida yetu, hasa sisi ambao karo ilitutoa chuoni.

Debian, iliyoanza 1993, na Ubuntu iliyotokana nayo, huweka wazi msimbo wa kila programu iliyo kwenye hazina yao kuu. Bure. Kwenye matoleo mapya fungua faili la debian.sources (au ubuntu.sources) ndani ya /etc/apt/sources.list.d. Kwenye mstari wa Types, baada ya deb, ongeza deb-src, kisha apt update. Hakikisha una dpkg-dev. Andika apt source hello, programu ndogo ambayo kazi yake ni kusalimia tu. Halafu sudo apt build-dep hello. Hapo ndipo bando huliwa, kwa hivyo tafuta waifai ya bure. Ingia kwenye folda iliyoshuka, andika dpkg-buildpackage -us -uc -b, na faili lako la .deb litatokea nje ya folda hiyo.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye folda ndogo iitwayo debian. Faili la control linataja kila kinachohitajika, changelog inaeleza nani alibadilisha nini na lini. Sijaona mhadhiri akifungua hiyo darasani.

Na si mchezo. Machi 2024, Andres Freund, mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL wala si wa usalama, aliona SSH ikichelewa kama nusu sekunde. Alichimba hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Kipande kilichouwasha kilikuwa kwenye furushi la toleo, si kwenye Git ambako kila mtu angechungulia.

Najua mtasema waajiri wanataka cheti. Kweli, na changelog haitakulipia nyumba mwisho wa mwezi. Ila ukirekebisha kitu kikakubaliwa, jina lako linaweza kubaki humo, na yeyote anaweza kulisoma bila kukuuliza uliacha chuo mwaka gani.

Chagua programu unayotumia kila siku, uivute leo usiku. LibreOffice iache kwanza, laptopu itachemka hadi asubuhi.