Kodi ya Pango Wameiokoa, Upweke Wametuachia Nyumbani



Ndugu wasomaji, mwaka jana nyumbani kwetu kulitokea msiba. Dada yangu mkubwa alifariki dunia usiku wa kuamkia Jumatano, na maziko yakapangwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Katika pirikapirika za asubuhi ile nilimtafuta mwanawe wa kiume ili tushauriane juu ya sanda na usafiri, nikamkuta chumbani kwake, kompyuta ya mkononi i wazi mbele yake, anajibu ujumbe wa kazini. Nilighadhibika mno. Nikamwuliza, "Mwanangu, hivi leo nayo ni siku ya kazi?" Akanijibu bila ya kuinua macho, "Mjomba, mkuu wangu yuko Uingereza. Tangu aniajiri miaka miwili iliyopita hatujapata kuzungumza jambo lisilo la kazi. Hata hajui kama nina mama."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kazi ya kufanyia nyumbani kwa mwajiri aliye mbali imekwishaingia katika nyumba zetu, na mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Kijana anapata riziki yake, wazee wake wanamwona kila siku, hatoi nauli wala hapotezi saa mbili katika foleni ya magari. Ninacholalamikia ni kwamba waajiri wengi wameichukua faida ya mpango huu wakaiacha dhima yake. Ofisi, pamoja na adha zake zote, ilikuwa ikimpa mfanyakazi watu wa kumjua. Alipofiwa, gari la ofisi lilikuja msibani limejaa wenzake, na rambirambi ilichangwa hata na yule aliyekuwa akigombana naye. Asipoonekana siku mbili, kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Fulani yuko wapi?"

Ushahidi wa jambo hili upo, tena unatoka mbali na kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2010, kampuni ya wakala wa safari iliyokuwa ikiitwa Ctrip, iliyokuwa na makao yake Shanghai nchini China, ilifanya jaribio kwa kitengo chake cha kupokea simu za wateja. Jaribio hilo liliandaliwa na mtaalamu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Nicholas Bloom, akishirikiana na wenzake, akiwemo James Liang ambaye ni mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo. Wafanyakazi walioomba kwa hiari yao na kutimiza masharti walikuwa 249. Waliozaliwa tarehe shufwa walipelekwa kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na waliozaliwa tarehe witiri wakabaki ofisini. Jaribio likaendelea kwa miezi tisa.

Matokeo yaliwafurahisha wenye kampuni. Kazi ya waliokuwa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13, walioacha kazi walipungua kwa nusu, na kampuni ikakadiria kuwa inaokoa takriban dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi aliye nyumbani, sehemu kubwa ikitokana na nafasi ya ofisi isiyohitajika tena. Lakini jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa wachague wenyewe, takriban nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini. Watu hao waliitaka nyumba wenyewe, wakaionja kwa miezi tisa, kisha wakakubali kurudia adha ya safari ya kila siku. Sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa ni upweke.

Kuna na jambo la pili ambalo halisemwi sana. Ukilinganisha watu wawili wenye utendaji ulio sawa, aliye nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo kuliko mwenzake wa ofisini. Wahenga wetu walikwishasema kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

Basi mtu atauliza, mbona siku hizi kuna mikutano ya video na ujumbe usiokatika kutwa nzima? Ni kweli. Lakini watafiti wa Microsoft walipochunguza mawasiliano ya wafanyakazi 61,182 wa kampuni hiyo nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020, pale ugonjwa wa Uviko-19 ulipowarudisha watu majumbani, waliona kwamba makundi yamejifunga kila moja peke yake. Muda ambao watu waliutumia kushirikiana na wenzao wa makundi mengine ulipungua kwa takriban robo. Kila mmoja alizidi kuzungumza na wale wale aliokwisha kuwazoea. Sasa huyu aliyeajiriwa mwezi uliopita, asiyemjua hata mmoja, atazungumza na nani?

Kwa maoni yangu, kilichopotea ni chai ya saa nne. Pale mlangoni kwa mama muuza maandazi ndipo mhasibu alipojua kwamba dereva ana mtoto mgonjwa, na ndipo mgeni wa wiki moja alipofundishwa namna ya kumkabili bosi mkali. Hakuna aliyeipanga chai hiyo wala aliyeiandikia ripoti. Ikiwa kampuni haina ofisi, basi chai hiyo haina budi kupangwa kwa makusudi, na itolewe katika saa za kazi, si katika saa za mfanyakazi mwenyewe.

Wako waliolifahamu hilo. Kampuni ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wametawanyika katika nchi nyingi, imeandika katika mwongozo wake, ulio wazi kwa yeyote kuusoma, kwamba mazungumzo yasiyo ya kazi ni ya kuandaliwa, na inawahimiza wageni wapange maongezi mafupi ya kahawa na wenzao kwa njia ya video. Automattic nayo, kampuni iliyofunga ofisi yake kubwa ya San Francisco mwaka 2017 kwa kuwa watu hawakuwa wakienda, kwa miaka mingi kabla ya Uviko ilikuwa ikiwasafirisha wafanyakazi wake wote mara moja kwa mwaka wakae pamoja wiki nzima. Hayo yanagharimu fedha, nami naona ndiyo haki: ile kodi ya pango iliyookolewa, sehemu yake irudi kwa watu. Anayewalazimisha vijana kuwasha kamera na kucheza michezo ya kuchekesha jioni wakiwa wamechoka, huyo amewaongezea zamu tu.

Tena kujuana si kicheko peke yake. Mpwa wangu alikuwa na mkutano kila Ijumaa saa nne asubuhi ya London. Katika miezi ya kiangazi cha huko, hiyo ni saa sita mchana kwetu Dar es Salaam. Wakibadili saa zao mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa saba kamili, khutba imo msikitini. Kwa miaka miwili alikuwa akichelewa swala au akisingizia umeme umekatika. Hakuna aliyemkataza kuswali. Hawakujua tu, na yeye aliona haya kumweleza mtu asiyemjua.

Nasi wenye nyumba tuna sehemu yetu. Kijana anayefanyia kazi chumbani tunamhesabu kuwa "yupo tu nyumbani". Tunamtuma sokoni katikati ya mkutano, na jioni akitoka tunamkuta kanyamaza, tunasema ana kiburi. Tumwulize habari za wenzake wa kazi, majina yao na wanakotoka. Asipokuwa na jibu, tujue kwamba kutwa nzima hajazungumza na mtu.

Siku ya nne ya msiba nilimshurutisha mpwa wangu amwandikie mkuu wake ukweli wote: mama, maziko, na hata ule mkutano wa Ijumaa. Haikupita saa moja akapigiwa simu. Mkuu yule alimwuliza jina la marehemu, akampa likizo ya wiki mbili, na mkutano ukahamishiwa Alhamisi. Kisha akamweleza kwamba na yeye alifiwa na baba yake mwaka uliotangulia, na kazini hakumwambia mtu yeyote.