Jedwali Hilo Lifutwe Ubaoni

Mpwa wangu anasoma darasa la tano. Jioni moja aliniletea daftari lake la Kiingereza, amenuna. Alikuwa ameandika "Who is your name?" na pembeni pakawekwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila neno lingine lolote. "Mjomba," akaniuliza, "kwani 'who' si nani?" Akafunua kurasa za mwanzo, akanionyesha jedwali alilonakili kutoka ubaoni: "who" nani, "what" nini, "how" vipi, "in" ndani ya, "on" juu ya, "at" kwenye. Jedwali zima lilikuwa na alama ya vema.

Mtoto huyu alifanya alichofundishwa. Kiswahili huuliza "Jina lako nani?", naye akabadilisha neno kwa neno kama jedwali lilivyoagiza. Kiingereza lakini huuliza jina kwa "what". Kosa limeanzia ubaoni, adhabu imemfikia mwanafunzi.

Walimu na wazazi wengi wanaamini kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake wa Kiswahili, na kwamba kujua lugha ni kuwakariri mapacha hao. Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza watoto wetu kila siku ya shule.

Tazama viulizi. Tunauliza "Saa ngapi?", na "ngapi" katika jedwali ni "how many", Waingereza wao husema "What time?" Mwanafunzi aliyekariri kwamba "how" ni vipi akikutana na "how often" ataeleza namna jambo linavyofanyika, ilhali ameulizwa ni mara ngapi. "How far" ni umbali gani, "how long" ni muda gani au urefu gani. Sisi nasi tuna maswali yanayowashinda wao. Uliza kwa Kiingereza: "Ali Hassan Mwinyi alikuwa rais wa ngapi wa Tanzania?" Kiswahili kinajibiwa papo hapo, wa pili. Kiingereza hakina kiulizi cha "wa ngapi", kwa hiyo msemaji wake hana budi kuzunguka.

Vihusishi ndivyo vinavyoumbua jedwali kabisa. Mjusi kafiri anayetambaa kichwa chini kwenye dari ya sebule, kwa Kiingereza yuko "on the ceiling". Fasiri kwa jedwali, utapata "juu ya dari", na juu ya dari ndiko waliko panya. Picha iliyotundikwa ukutani iko "on the wall". Kwetu, juu ya ukuta ndipo watu wanapopanga vipande vya chupa kuzuia wezi. Abiria wa daladala yuko "on the bus" ingawa hakupanda kwenye keria, lakini akishuka na kukodi teksi anakuwa "in the taxi". Jumatatu huchukua "on", Mei huchukua "in", saa sita huchukua "at". Sisi husema tu nitakuja Jumatatu, nitakuja saa sita, bila kutia chochote katikati. Hata wenye lugha hawakubaliani: Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend".

Kiswahili nacho kina utaratibu wake. Kuhama na kuhamia vinatofautiana kwa irabu moja, lakini aliyehama Dodoma ameondoka na aliyehamia Dodoma ndiyo kwanza amefika. Kiingereza kinahitaji "from" na "to" kueleza hayo. Sisi tumeyamaliza ndani ya kitenzi. Irabu hiyo utaiandika kwenye safu gani ya jedwali?

Najua nitakachojibiwa: darasa lina watoto wengi, muda ni mfupi, na mtoto lazima aanzie kwenye maana. Nakubali kuhusu meza, kitabu na ng'ombe. Vitu hivyo vinashikika na kuonekana, na majina yake yanahamishika bila hasara kubwa. Maneno madogo hayana maana ya kubebwa peke yake. Maana yake iko kwa jirani zake, kwa hiyo yafundishwe pamoja na jirani hao: "on the bus", "at night", "married to", "What is your name?" Kuandika sentensi 10 fupi hakuhitaji shule kununua chochote zaidi ya chaki ileile iliyochora jedwali. Mtoto azisikie, azitamke, azitumie na mwenzake, mpaka sikio lenyewe likatae "Who is your name?"

Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukutana na masomo kama baiolojia kwa Kiingereza. Akivuka na jedwali kichwani, atakosa swali ambalo jibu lake analijua.

Mwalimu, futa jedwali hilo, andika sentensi. Na wewe mzazi, ukiona alama nyekundu kwenye daftari la mwanao, usianze kumgombeza. Funua kwanza kurasa za mwanzo uone alichonakilishwa.